Kamba ya mpanda miti: kushikilia si kudaka

Anayeanza kukusanya vifaa vya kupandia miti huwa na swali moja mdomoni: kamba ipi ina nguvu zaidi? Swali hilo lina mantiki, ila halimfikishi mbali. Karibu kila kamba iliyotengenezwa kwa kazi hii hubeba uzito wa watu zaidi ya ishirini kabla ya kukatika. Swali linalomlinda ni jingine: kamba hii imeundwa inishikilie, au inidake nikianguka? Hizo ni kazi mbili tofauti, na vifaa vya mpanda miti, kuanzia mkanda wa kujifunga mwilini hadi fundo, vimebuniwa kwa ile ya kwanza.

Kushikilia maana yake ni kwamba uzito wako uko kwenye kamba muda wote. Umeketi ndani ya mkanda, kamba imekaza, mikono iko huru kufanya kazi. Mguu ukiteleza, unashuka sentimita chache au unabembea kidogo, basi. Kudaka ni hali ya fundi wa paa. Yeye husimama kwa miguu yake, kamba imelegea nyuma yake, na inaanza kazi pale tu anapoanguka. Ndiyo maana mkanda wake una pete mgongoni au kifuani, na kamba yake fupi ina utepe ulioshonwa kwa mikunjo ambao huraruka polepole na kumeza nguvu ya anguko. Viwango vya Ulaya vinataka kifaa hicho kisiache nguvu izidi kilonyutoni 6, ambapo kilonyutoni moja ni takribani uzito wa kilo 102. Mkanda wa kawaida wa mpanda miti una pete mbele na kwenye nyonga, mahali panapofaa kuketi na kuegemea, na hauna utepe wowote wa kumeza nguvu.

Tofauti hiyo huonekana vizuri kwa hesabu. Mtu wa kilo 80 akining'inia kwa utulivu huivuta kamba kwa takribani kilonyutoni 0.8. Sasa tuseme kamba ililegea, akaanguka mita moja kabla haijakaza, kisha ikanyumbuka sentimita 10 tu hadi kumsimamisha. Nguvu yote aliyoipata katika mita 1.1 ya kushuka inabidi iishie ndani ya sentimita hizo 10, kwa hiyo wastani wake ni karibu kilonyutoni 8.6. Kilele kinapita hapo, kwa kuwa kamba huanza kuvuta kidogo na kuongeza kadiri inavyonyooka. Kama ingenyumbuka mita nzima, wastani ungeshuka hadi kilonyutoni 1.6 hivi. Mtu ni yuleyule, na mita aliyoanguka kabla ya kamba kukaza ni ileile. Kinachoamua ni nafasi ambayo mwili umepewa ya kusimama.

Mpanda miamba ana nafasi hiyo. Kamba yake imetengenezwa inyumbuke: kiwango cha Ulaya cha EN 892 kinairuhusu irefuke hadi asilimia 40 inapodaka anguko la majaribio. Kamba za kupandia miti zinazofuata EN 1891, zile za aina A, haziruhusiwi kurefuka zaidi ya asilimia 5 mzigo unapopanda kutoka kilo 50 hadi 150. Ukakamavu huo ndio unaokufaa ukiwa juu, maana kamba inayonyumbuka sana hukurudisha chini kila unapopanda hatua, na hukuyumbisha ukiwa umeshika msumeno. Lakini kamba hiyo hiyo ukiiangukia itakupiga. Kwa hiyo, ukikuta kamba ya miamba inauzwa kwa bei nzuri, usiinunue kwa kazi ya mitini. Wala usidhani ya mitini itafaa kwenye miamba.

Hapa ndipo ulegevu wa kamba unapokuwa adui wa kwanza. Haulingani hatari kila mahali, na wengi huikadiria hatari hiyo kinyume. Ukiwa chini, na mita 20 za kamba kati yako na tawi ulilofungia, nusu mita ya ulegevu itakutikisa, lakini urefu wote ule unashirikiana kunyumbuka. Ukiwa karibu na kilele, na mita moja tu ya kamba juu yako, nusu mita hiyo hiyo haina pa kumezwa. Mbaya zaidi ni kupanda hadi ukaipita sehemu uliyofungia, kwa sababu hapo utaanguka kwanza hadi kwenye usawa wake, kisha uendelee kushuka hadi kamba ikaze. Kanuni ya kazi ni kwamba sehemu ya kufungia ibaki juu yako daima. Ukiikaribia, jishikize kwa kamba fupi ya kiunoni, hamisha kamba kuu iende juu zaidi, ndipo usogee.

Kamba fupi hiyo inastahili maneno yake. Huzungushwa kwenye shina au tawi na kurudi kwenye pete za nyonga, nawe unaiegemea. Baadhi zina waya wa chuma ndani. Waya huo huifanya iwe ngumu, rahisi kurushwa kuzunguka shina nene, na huchelewesha msumeno usiikate kwa mguso mmoja, ila hauzuii kabisa. Kwa sababu ni fupi, hainyumbuki karibu chochote. Kuipandia ikiwa imelegea, ukitegemea itakudaka, ni kosa la kuifahamu kazi yake. Tena kwenye shina tupu lisilo na matawi, kitanzi kilichozungushwa tu kinaweza kuteleza nalo hadi chini. Hilo huwakuta hasa wanaotumia miiba ya chuma ya miguuni, mwiba ukichomoka kwenye gome. Dawa yake ni kamba ya pili iliyofungwa kwa kitanzi kinachokaba shina kadiri kinavyovutwa. Na kwa kuwa tumeitaja miiba: itumike kwenye mti unaoangushwa. Kwenye mti utakaobaki hai, kila hatua inatoboa tabaka hai lililo chini ya gome, na kidonda hicho ni mlango wa kuoza.

Ukishaelewa kwamba kazi ni kubaki umekaza, vifaa vingine vinajieleza. Kamba inaweza kupitishwa juu ya panda ya mti ikarudi kwako, nawe ukapanda kwa kuivuta kupitia fundo linalokaba. Katika mfumo huu kamba inatembea: unavuta mita mbili ili upande mita moja, na ulegevu wa mita moja hukushusha nusu mita. Tawi hubeba takribani uzito wako mara moja. Mfumo wa pili ni wa kamba iliyotulia. Unapanda uzi mmoja kwa vibano vya mkono na mguu vinavyoishika kamba, mita kwa mita, na ni mwepesi zaidi kwa miti mirefu. Lakini kama umeifunga kamba hiyo chini ya shina baada ya kuipitisha juu, tawi linavutwa kutoka pande zote mbili, na mzigo wake hukaribia mara mbili ya uzito wako, ukipungua kidogo kwa msuguano. Tawi lililotosha kwa mfumo wa kwanza huenda lisitoshe kwa wa pili. Napenda mtu ajue hili kabla hajachagua vibano, kwa sababu vingi vimetengenezwa kwa mfumo mmoja tu, na kuvitumia kwenye mwingine ni kuomba kamba iteleze au isiachie.

Fundo linalokaba hufanywa kwa kamba nyembamba, mara nyingi ya milimita 8 hadi 10, iliyozungushwa kwenye kamba kuu. Lina tabia mbili za kujua. Kwanza, likishtuliwa kwa ghafla linaweza kuteleza kabla ya kukaba, jambo jingine linaloufanya ulegevu usifae. Pili, linapata joto ukishuka haraka. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi 250 hivi za Selsiasi; nyuzi za poliethilini zenye nguvu sana huyeyuka karibu na 145, kwa hiyo hazifai kuwa upande wa nje wa fundo hilo. Aramidi, aina nyingine ya nyuzi za kiwandani, haiyeyuki katika joto hilo, ndiyo maana imekuwa chaguo la wengi. Chini ya fundo huwekwa kapi dogo. Ukivuta mkia wa kamba, kapi linasukuma fundo juu, na ulegevu unaondoka kwa mkono mmoja. Ni kifaa kidogo kinachodharauliwa na wanaoanza, nami ningekinunua mapema kuliko kibano chochote cha gharama.

Karabina, ile pete ya metali yenye mlango, nayo huathiriwa na kamba iliyolegea. Ikiwa na mzigo, hukaa sawa kwa urefu wake, ambako nyingi hubeba kilonyutoni 22 au zaidi. Kamba ikilegea hugeuka, na mzigo ukirudi ghafla unaweza kuikuta imelala kwa upana, ambako namba iliyochongwa ubavuni mara nyingi ni 7 tu. Zinunuliwe zile zenye mlango unaojifunga wenyewe na unaohitaji angalau miondoko miwili ya makusudi kufunguka. Kiwango cha Marekani cha kazi za miti, ANSI Z133, kinataka hivyo, na kinakutaka ukumbuke pia kujifunga sehemu mbili tofauti kabla ya kuwasha msumeno wa mnyororo juu ya mti. Kamba moja iliyokaza vizuri hukatika kirahisi zaidi kuliko iliyolegea ukiigusa na mnyororo.

Kukaza kamba hakutibu kubembea. Ukitembea kwenye tawi hadi mbali na usawa wa sehemu uliyofungia, kamba inaweza kuwa imekaza kabisa na bado ukiteleza ukarushwa hadi shinani kwa kasi. Huko nje ndiko kamba fupi inakuwa ya lazima, imefungwa kwenye tawi upande wa mbele. Sehemu ya kufungia iliyo juu na katikati ya mti hupunguza pembe hiyo, na inastahili muda wa kuitafuta kwa kamba nyembamba ya kurushia yenye kifuko kizito mwishoni, hata kama kifuko kimekosea panda mara kadhaa. Kofia ngumu nayo ichaguliwe kwa jambo hili. Za ujenzi zinazofuata EN 397 kwa kawaida huwa na mkanda wa kidevu unaoachia kwa nguvu ya nyutoni 150 hadi 250. Za milimani, EN 12492, mkanda wake hustahimili nyutoni 500, hivyo kofia inabaki kichwani wakati kichwa kinalielekea shina.

Na ikitokea kamba, fundo au mkanda umedaka anguko halisi, uwekwe kando siku hiyo hiyo hadi mtu mwenye ujuzi aukague, hata kama macho hayaoni kasoro. Nyuzi za ndani huchanika bila kuonyesha chochote nje, na ganda la kamba linaweza kuwa safi juu ya moyo uliokatika.