Implanti ya siku hiyohiyo: mfupa wa kujazia ni wa nini?

Jino limeng'olewa na implanti, yaani skrubu ya chuma cha titani inayoshika nafasi ya mzizi wa jino, imewekwa papo hapo. Mbona daktari anaongeza mfupa tena?

Mzizi wa jino hauna umbo la skrubu. Implanti ikishakazwa, hubaki uwazi kati yake na ukuta wa tundu lililoachwa na jino. Ukiwa chini ya milimita 2 hivi, mara nyingi damu iliyoganda inatosha na mfupa hujijenga wenyewe. Ukizidi hapo, madaktari wengi huujaza.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Kwenye meno ya mbele ya juu, ukuta wa mfupa ulio upande wa nje, nyuma ya mdomo wa juu, ni mwembamba mno. Kwa watu wengi haufiki milimita 1. Sehemu kubwa ya ukuta huo huishi kwa kutegemea nyuzi zinazoushika mzizi, na jino likitoka huanza kuliwa na mwili wenyewe. Kuna wakati iliaminika kwamba implanti ikiwahi kuwekwa itauokoa. Haiuokoi. Chembechembe za mfupa wa kujazia hupunguza kusinyaa huko, ingawa haziukomeshi kabisa.

Mfupa huo unatoka wapi?

Unaweza kuwa wako mwenyewe, uliokwanguliwa kidevuni, nyuma ya taya, au hata uliokusanywa wakati wa kutoboa. Huu una chembe hai, kwa hiyo hujenga haraka. Kasoro yake ni kwamba huliwa haraka pia, na huenda ukahitaji kidonda cha pili.

Upo wa binadamu aliyejitolea, uliokaushwa na kusafishwa. Upo wa mnyama, hasa ng'ombe: hutolewa vitu vyote vya uhai ukabaki mfupa mtupu wa madini. Mwisho kuna wa kutengenezwa kiwandani, kama hidroksiapataiti na trikalsiamu fosfeti, ambayo ni madini ya kalsiamu.

Huu wa ng'ombe hautengenezi mfupa. Ni kama jukwaa la mafundi: chembe hai za mwili wako hupanda juu yake na kujenga. Huyeyuka polepole sana, na punje zake huonekana kwenye taya miaka mingi baadaye. Mtu anaweza kuiona hiyo kuwa kasoro, lakini mbele ya mdomo, ambako fizi ikishuka kila mtu ataona, ukaidi huo ndio unaotakiwa.

Imani yangu inakataza nguruwe. Niulize nini?

Uliza kuhusu mfupa na utando pia, maana watu wengi husahau utando. Utando ni kiraka cha kolajeni (protini ya ngozi na mifupa) kinachofunika chembechembe, na mara nyingi hutoka kwa nguruwe. Vipo vya ng'ombe. Swali hili liulizwe kabla ya siku ya upasuaji.

Je, mfupa wa kujazia ndio unaoishika implanti?

Hapana, na hapa wengi hukosea. Siku ya kwanza implanti hushikwa na mfupa wako tu, hasa ule ulio ng'ambo ya ncha ya tundu, ambako skrubu huingia milimita kadhaa zaidi. Implanti isipokaza pale, hakuna unga wa kujazia utakaoisaidia; ni heri kusubiri tundu lipone kwanza. Baada ya hapo mfupa hushikamana na titani yenyewe, jambo alilolibaini Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, aliyemwekea mgonjwa wake wa kwanza implanti mwaka 1965. Kushikamana huko huchukua miezi 3 hadi 6 hivi.

Nani aambiwe asubiri?

Mwenye usaha mwingi kwenye jino, au ambaye ukuta wa mbele umeshabomoka. Mvutaji sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wana hatari kubwa zaidi ya kupona vibaya. Anayetumia dawa za mifupa za kundi la bisfosfoneti, au aliyechomwa mionzi tayani, aseme mapema, hata asipoulizwa.

Nimetema punje kama mchanga. Niogope?

Punje chache siku za mwanzo ni kawaida. Usisukutue kwa nguvu wala kunyonya kwa mrija. Punje zikiendelea kumwagika, uvimbe ukiongezeka baada ya siku ya tatu, au ukionja usaha, rudi kwa daktari siku hiyohiyo.