Mtoto anayekoroma hajalala fofofo
Huku Kayole, mtaa wa Nairobi, mtoto akikoroma utasikia: "Mwacheni, amechoka." Sivyo. Anayekoroma karibu kila usiku huenda anapigania pumzi. Mara nyingi chanzo ni mafindofindo makubwa, au adenoidi, kinyama cha nyuma ya pua kisichoonekana hata akipanua kinywa. Usingizini misuli ya koo hulegea, njia ya hewa huziba, pumzi hukatika kwa sekunde kadhaa, kisha hushtuka akihema. Wengine hukojoa kitandani. Mchana wengi hawasinzii kama watu wazima. Hawatulii darasani, wana hasira, nasi tunawachapa kwa utundu, jambo linaloniuma sana. Kumkata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni, hakuondoi kizuizi hicho cha hewa na kunaweza kumtoa damu nyingi. Mrekodi kwa simu akiwa amelala, umwonyeshe daktari wa masikio, pua na koo.