Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa usanifu majengo hupimishwa mtaro kabla ya kuchora nyumba?

Chukua nyumba ya Kiswahili ya kawaida ya Dar es Salaam: vyumba sita, korido katikati, choo na jiko uani. Bati lake likiwa na eneo la mita 10 kwa 12, mvua ya milimita 50 hulimwagia lita 6,000. Nyumba mia moja za namna hiyo ni lita 600,000, na nyingi huteremkia kwa aliyejenga bondeni. Ndiyo maana mwalimu anayelea wanafunzi katika usanifu unaojali haki haanzi na sura ya jengo. Huanza kwa kuuliza maji haya yanaishia mlangoni kwa nani.

Mafunzo ya aina hii si mageni mjini humo. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, walishiriki kujenga mitaro na barabara zao, huku taasisi ambayo leo ni Chuo Kikuu Ardhi ikitoa utaalamu. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika kata zinazofurika, Tandale ikiwemo, wakaweka nyumba, vichochoro na mitaro kwenye ramani ya wazi pamoja na wakazi.

Siku ya kwanza haipimwi kitu. Barua ya utambulisho hupelekwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, naye huwaunganisha wanafunzi na wajumbe. Wanafunzi hukatazwa kuandika chochote kwenye kuta, hasa kwa rangi nyekundu. Watu wa Bonde la Msimbazi walishaona alama ya X ikitangulia tingatinga la kubomoa nyumba, kwa hiyo kijana mwenye futi na karatasi anayeingia bila kujieleza hupewa majibu ya kumfukuza tu.

Kisha mtaro. Watatu wanatosha: mmoja anapima, mmoja anaandika, na wa tatu awe mkazi. Kila mita kumi huandikwa upana, kina hadi sakafu halisi, na kina hadi juu ya mchanga na taka. Vina hivyo viwili ndivyo wanaoanza huvichanganya, na kosa lake ni kubwa. Mtaro wa sentimita 60 kwa 60 ukijaa mchanga sentimita 40, nafasi inayobaki ni theluthi, lakini maji unayoweza kupitisha hushuka hadi karibu robo, kwa kuwa maji machache yanasuguana na sakafu yenye upana ule ule. Anayepima kina hadi sakafu halisi peke yake atapendekeza mtaro mpya mahali palipohitaji koleo.

Mteremko hupimwa kwa mpira wa maji ule ule wa mafundi: mpira mwangavu uliojazwa maji, ncha zake mbili zikisimamishwa kwenye vijiti, maji yakitulia usawa mmoja pande zote mbili. Povu likibaki ndani, kipimo kinadanganya, kwa hiyo mpira hukaguliwa wote kabla ya kusoma. Mtaro ukishuka sentimita 15 katika mita 30, huo ni mteremko wa nusu asilimia, na hapo mchanga hutuama kirahisi.

Kuhusu mafuriko, swali la “mnapata mafuriko?” halina faida; kila mtu atasema ndiyo. Huulizwa “Masika ya mwisho, maji yaliishia wapi kwenye ukuta huu?” Mwenyeji anaonyesha kwa mkono, mwanafunzi anapima sentimita kutoka sakafuni. Baraza lililoinuliwa na matofali yaliyojengwa kizingitini ni ushahidi pia.

Sehemu inayoleta ubishi mwingi studioni, yaani darasa la kuchora, ni wapangaji. Ramani huonyesha nyumba, lakini ndani ya nyumba moja huweza kuwa na kaya sita, kila moja na chumba chake. Mwanafunzi akipanua kichochoro na kukata vyumba viwili, kwenye mchoro ameondoa ukuta; mtaani ameondoa kaya mbili, na anayeitwa kuzungumzia fidia ni mwenye nyumba. Mwalimu makini hudai jedwali la vyumba, si la nyumba, na halipokei pendekezo lisiloonyesha wapangaji watahamia wapi wakati wa ujenzi.

Baadaye michoro hubandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kwa kipimo cha 1:200 (sentimita moja ni mita mbili), ikiwa na msikiti, gereji, duka la kona na mwarobaini mkubwa. Bila vitu hivyo wengi hawajipati kwenye karatasi, hata mshale wa kaskazini uwe mzuri namna gani. Wakazi hupewa kalamu wasahihishe. Mchoro unaorudi msafi haujasomwa.

Mifuniko ya mtaro ndiyo mtihani mzuri kuliko yote. Wengi huchora bamba la zege la sentimita 80 kwa 100, unene 10. Zege lina uzito wa kama kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, hivyo bamba hilo ni kilo 192. Hakuna atakayelifunua, na mtaro utaziba chini yake bila mtu kuona. Bamba la 80 kwa 30, unene 8, lina kilo 46, watu wawili hulibeba. Ila lisukiwe nondo, na lisilazwe pikipiki au guta zinapopita bila unene wake kukokotolewa upya. Guta lenyewe lazima lipitike: taka huishia mtaroni zaidi pale ambapo chombo cha kuzibeba hakifiki, kwa hiyo upana wa kichochoro huandikwa kwenye karatasi ile ile ya mtaro.

Vipimo vyenyewe huchukuliwa mara mbili, kiangazi na baada ya mvua kubwa. Ratiba ya muhula isiyofika Masika, Machi hadi Mei, huwaachia wanafunzi nusu ya kwanza tu.