Ampu ya valvu: tunayoambizana Tanga na ukweli wake

"Ukishachomoa plagi umemaliza, fungua tu." Hii kauli naisikia hapa Ngamiani tangu niko mdogo na ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu inakaribia kuwa kweli. Ukizima ampu ikiwa moto na valvu zote (zile taa za kioo zinazokuza sauti) ziko mahali pake, zile valvu zinaendelea kunyonya umeme mpaka kapasita, yaani vile vifaa vinavyotunza chaji, zinaishiwa, kwa hiyo mtu anaweza kufungua ampu kumi asipigwe shoti hata siku moja akaamini plagi ndiyo iliyomwokoa. Sasa zitoe valvu, au iwepo iliyokufa, halafu uone.

Mimi nimeachiwa ampu na marehemu mjomba, stereo, valvu nne za EL84 zinazosukuma spika na valvu ya GZ34 ambayo ni rektifaya, inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, ndiyo aliyokuwa anapigia santuri zake za Atomic Jazz na taarabu za Black Star. Siku ya kwanza kuifungua nilitoa valvu zote nikabakiza rektifaya tu, nikawasha nipime, nikazima, nikachomoa, nikaenda kuswali adhuhuri na kula. Nimerudi, kabla sijagusa kitu nikaweka mita kwenye kapasita kubwa, inasoma volti 190! Na plagi iko pale sakafuni naiona.

Kwa hiyo pima kwanza, kila mara, hata kama umetoka kupima jana. Kuna wanaoua chaji kwa kugusisha bisibisi, inapiga cheche kali inakula ncha ya bisibisi na kapasita yenyewe inaumia. Chukua rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5, iungie waya wenye klipu kila upande, klipu moja ibane kwenye chesisi (fremu ya chuma ya ampu) kwanza, nyingine ndiyo uipeleke kwenye kapasita kwa mkono mmoja, ule mwingine weka nyuma au mfukoni. Ukimaliza usiitoe, iache imebanwa muda wote unaofanya kazi, maana kapasita iliyomwagwa chaji inaweza kujirudishia kidogo yenyewe. Ila usisahau kuitoa kabla ya kuwasha. Na habari ya "mi navaa kandambili za mpira" haisaidii kabisa kama mkono mmoja umeshika chesisi na mwingine umegusa volti 300, hapo umeme unakatiza kifuani, haupiti miguuni.

Dhana ya pili ni kwamba kapasita ikiwa kubwa zaidi ndiyo mlio unakuwa msafi zaidi. Ampu inavuma, mtu anatoa ya mikrofaradi 50 anachomeka 220. GZ34 mwisho wake kwenye kapasita ya kwanza ni mikrofaradi 60, ukizidisha hapo kila unapowasha unaikaba, ipo siku itapiga cheche ndani na kuondoka na fyuzi. Halafu wenyewe wanasema fyuzi dhaifu, weka kubwa! Jamani fyuzi ikiweka mgomo kuna kitu inakwambia, ukiiziba mdomo kinachofuata kuungua ni transfoma, na transfoma ya ampu ya zamani utaitafuta mpaka uchoke. Mvumo mara nyingi ni kapasita imekauka tu kwa uzee, rudishia kipimo kilekile na volti zisizopungua zile za mwanzo.

"Valvu inawaka basi nzima." Hapana, ule wekundu wa katikati ni hita, inaweza kuwaka vizuri na valvu imechoka hoi. Rangi ya bluu kwenye kioo mara nyingi haina neno. Cha kuogopa ni anodi, lile bati la nje lililo ndani ya kioo, likianza kuwa jekundu, zima hapohapo.

Na hapo ndipo watu wanabadilisha valvu bure. Zile kapasita ndogo zinazopitisha sauti kwenda EL84 zikizeeka zinavujisha volti, valvu inavuta kupita kiasi. Ampu ikiwa imewashwa pima pini namba 2, inatakiwa iwe sifuri, ukiona volti moja au mbili za chanya badili kapasita, mara nyingi valvu haina kosa. Kisha pima pini 3, ya kathodi, yaani sehemu ya valvu inayotoa elektroni. Yangu ilisoma volti 11 kwenye rezista ya omu 270, gawanya, ni kama miliampia 41, zidisha kwa volti 260 zilizopo kati ya anodi na kathodi unapata karibu wati 10.6. Mwisho wa EL84 ni wati 12 kwa hiyo iko salama. Hesabu ya dakika moja.

Kuwasha bila spika "nijaribu tu kidogo" usifanye, transfoma ya kutolea sauti inaweza kupasuka insulesheni ndani. Funga spika, au rezista kubwa ya omu 8.

Ya mwisho ni hii ya kuona kila kasoro inataka modifikesheni. Upande wa kushoto wa ampu ya mjomba ulikuwa unakwaruza, nikashauriwa nibadilishe saketi nzima ya mbele. Nilipochomoa valvu ndogo ya upande ule nikakuta pini zina kutu ya kijani, hewa yetu ya baharini hii, inaingia mpaka kabatini. Nikapuliza dawa ya kontakti kwenye soketi, nikachomeka na kuchomoa mara sita saba, nikasubiri ikauke kabisa ndipo nikawasha. Kukwaruza kukaisha, na saketi ni ileile aliyoiacha mjomba.