Mambo tunayodanganyana kuhusu kukwama masta na PhD, na ukweli wake

Watu wakisikia uko PhD wanadhani ushatoboa, kumbe huko ndani mtu anakaa miezi data zimegoma, makala imerudi, supavaiza hajibu imeili, na hata akimaliza hajui anaenda wapi. Halafu kuna maneno yanazunguka kwenye maabara na vyumba vya kusomea, kila kundi jipya la wanafunzi linayarithi toka kwa waliotangulia bila kuyahoji, na mimi naona hayo maneno yanaumiza watu kuliko hata tatizo lenyewe. Nayachukua moja moja, mengine nitakaa nayo sana, mengine yanataka mistari michache tu.

Dhana: Ukikataliwa ujue kazi yako mbovu, au wewe mwenyewe huna kichwa

Ukweli ni kwamba kukataliwa kuna sababu nyingi na ubovu wa kazi ni mojawapo tu. Mwanasayansi Hans Krebs mwaka 1937 alipeleka kwenye Nature, jarida kubwa la sayansi, andiko fupi kuhusu ule mzunguko wa kemikali unaoipa seli nishati, ambao leo kila anayesoma baiolojia anaukariri. Akajibiwa kwamba mhariri tayari ana barua za kutosha kujaza kurasa kwa wiki saba au nane. Yaani nafasi imejaa, basi! Akaipeleka jarida lingine ikatoka mwaka huohuo, na 1953 akapata tuzo ya Nobel. George Akerlof naye, yule mchumi aliyeandika kuhusu soko la magari yaliyotumika, majarida matatu yalimkatalia, kuna waliosema hoja yenyewe ni ndogo mno, ikaja kuchapishwa 1970 na Nobel akapewa 2001. Na Katalin Karikó, ambaye kazi yake ya mRNA, ile molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini mwilini, ndo ilikuja kuzaa chanjo za korona, mwaka 1995 chuo chake kilimshusha cheo kwa sababu hakuwa anapata fedha za utafiti, Nobel yake imekuja 2023.

Sasa usije ukanielewa vibaya, sisemi kila aliyekataliwa ni Krebs. Makala nyingi zinazorudi zina kasoro kweli. Ninachosema ni kwamba sababu huijui mpaka usome barua yote, na wengi hatufiki huko, mtu anaona "tunasikitika kukufahamisha" anafunga laptopu, anaenda kulala na hitimisho lake kwamba hafai.

Kuumia umie, siku mbili tatu zikae, hiyo ni ruksa kabisa. Halafu ifungue tena, chora jedwali, kila alichosema mhakiki, yule mtaalamu anayeikagua makala kabla haijachapishwa, kiweke kwenye mstari wake, pembeni andika unabadilisha nini, pembeni yake tena nani anaweza kukusaidia. Mara nyingi utakuta yule mhakiki wa pili aliyeandika ukurasa mzima kama amekasirika, ukimchambua anataka vitu viwili tu, ueleze sampuli uliipataje na uondoe hitimisho moja ulilolitia chumvi. Akisema sehemu fulani haieleweki usianze kubishana naye kichwani, kama yeye mtaalamu hakuelewa kuna wasomaji wengine wengi tu hawataelewa, iandike upya. Na kama barua inasema tu kwamba mada haiendani na jarida lao, hapo hakuna cha kurekebisha, tafuta jarida linaloendana.

Kuna utafiti ulitoka 2019 kwenye jarida la Nature Communications, uliwafuatilia watafiti wachanga Marekani waliokosa fedha za serikali kwa alama chache sana, ukawalinganisha na waliozipata kwa alama chache sana. Baadhi ya waliokosa walipotea kabisa kwenye mfumo wa fedha hizo, hilo lisifichwe. Ila waliobaki, miaka iliyofuata kazi zao zilikuja kuwa na uzito kuliko za wale waliopata. Mimi hili silisomi kama sifa ya mateso hata kidogo, wapo wazuri waliopotezwa bure, lakini linatosha kuonyesha kwamba kukosa safari moja hakutabiri utafika wapi.

Dhana: Wenzangu wote wanajua wanachofanya, ni mimi tu nimeingia kwa bahati

Hiyo hali ya kujiona umeingia kimakosa na siku moja watakugundua, wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliiandikia mwaka 1978, na waliowachunguza walikuwa wanawake waliofaulu sana, sio waliofeli. Kwa hiyo kuisikia sio ushahidi kwamba huwezi. Tatizo ni kwamba unaona matokeo ya wenzako, huoni walichokosa. Mwenzako akipata skolashipu anaposti, akinyimwa tano hasemi. Ndo maana Melanie Stefan mwaka 2010 alipendekeza watafiti waandike sivii ya kushindwa, nafasi zote walizonyimwa, na 2016 Johannes Haushofer, wakati huo profesa chuo cha Princeton Marekani, akaiweka ya kwake hadharani na ikasambaa sana. Kama una kikundi cha kusoma pamoja jaribuni hili, kila mtu aje na kitu kimoja kilichomkatalia mwezi huo kabla ya kutaja kilichofanikiwa. Kikao cha kwanza watu wataona aibu, baadaye ndo kinakuwa kikao ambacho hakuna anayetaka kukikosa.

Dhana: Stresi ni sehemu ya masomo, vumilia tu

Presha ya dedilaini sawa, ipo. Lakini kuna mpaka. Mwaka 2018 utafiti uliotoka jarida la Nature Biotechnology uliwauliza wanafunzi zaidi ya 2,200 wa ngazi hizi kutoka nchi 26, asilimia 41 walionekana wana wasiwasi wa kiwango cha kati hadi kikali na asilimia 39 sonona ya kiwango hichohicho. Waliojibu walijitolea wenyewe kwa hiyo huwezi kusema ndo hali ya kila mwanafunzi duniani, ila hata ukipunguza hapo bado ni watu wengi mno kuambiwa wavumilie. Na kama nusu ya waliokuwa na hali hizo hawakukubali kwamba wasimamizi wao wanawapa ulezi wa kweli, kwa hiyo sio suala la udhaifu wa mtu mmoja mmoja, mazingira nayo yanachangia sana.

Uchovu wa kawaida ukilala wikendi nzima unapungua. Ukiona wiki mbili zimeisha usingizi haupo, kitu ulichokuwa unakipenda hakina ladha, kufungua tu faili la tasnifu moyo unakwenda mbio, nenda kamuone daktari au mshauri wa chuo, usingoje mpaka umalize chapta. Na kama mawazo ya kujidhuru yamekuja, mwambie mtu leo leo, yeyote unayemwamini, akusindikize hospitali. Tasnifu itasubiri.

Dhana: Supavaiza ndo atakutafutia kazi

Wachache wanafanya hivyo na Mungu awabariki. Wengi wanajua njia moja tu, ile waliyopita wao, na walipita zamani. Mwombe barua ya mapendekezo mapema na umpe muhtasari wa ulichofanya, basi, mengine yatafute mwenyewe.

Dhana: PhD ni ya kuwa profesa, asiyebaki chuoni ameshindwa

Hii ndo inaniuma kuliko zote kwa sababu hesabu zenyewe hazikubali. Mwaka 2010 Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, ilichora safari ya wanaomaliza PhD za sayansi kule, ikakadiria wanaofika kwenye kazi ya kudumu ya utafiti chuoni ni kama asilimia 3.5, na wanaokuwa maprofesa hawafiki hata nusu ya asilimia moja. Ni nchi moja na ni siku nyingi sasa, fani nazo hazifanani, lakini profesa mmoja anasimamia wanafunzi wangapi mpaka anastaafu, na kiti chake ni kimoja. Wengi wanaenda kwingine, sasa utawaitaje wote hao walioshindwa?

Cha kufanya usisubiri mwaka wa mwisho. Tafuta matangazo ya kazi kumi ambazo ungezipenda, za chuoni na za nje, hata kama huombi sasa, yasome kwa kalamu, kila wanachotaka ambacho huna kipigie mstari. Kinachojirudia ndo ujifunze wakati bado uko masomoni, pengine ni programu ya kuchambua data, pengine ni kuandika maandiko ya kuomba fedha. Halafu angalia unavyojieleza. Mtu anaandika "Nimeandika tasnifu kuhusu" halafu kichwa cha mistari mitatu ambacho mwajiri hakielewi, wakati mtu huyohuyo ameendesha utafiti wa miaka mitatu, amepanga bajeti, amefundisha wasaidizi wanne kukusanya data, amewasilisha matokeo mbele ya watu wasiomjua. Hayo ndo yaandike. Na watafute waliosoma kwenu wakaondoka chuoni, ujumbe wa kwanza usiombe kazi, omba dakika ishirini, uliza walianzaje, siku yao ya kazi inakwendaje, na wangekuwa nafasi yako sasa wangejifunza nini.

Dhana: Umeshapoteza miaka mitatu, huwezi kuacha

Hiyo miaka imeshaondoka, ukibaki imeondoka, ukiacha imeondoka. Swali ni miaka iliyobaki unataka uiweke wapi. Kwa wengine jibu ni kubaki, tena wanabaki kwa moyo mweupe, kwa wengine ni kuondoka na hakuna aibu hapo. Ila katikati kuna njia nyingi ambazo watu hawazijui, kubadilisha supavaiza, kupunguza upana wa mada, kusimamisha masomo kwa muda, na baadhi ya vyuo vinaruhusu mtu wa PhD atoke na shahada ya uzamili. Uamuzi usiufanye wiki ileile makala imerudi au sampuli zimeharibika. Nenda kwanza ofisi ya masomo ya juu ukaulize ukisimama ufadhili wako unakuwaje, viza kama uko ugenini inakuwaje, muda wa mwisho wa kurudi ni lini, na hayo majibu omba wakuandikie.