Kiwanda cha mafuta pwani: watu husema nini, na ukweli ni upi

"Kiwanda kiko pwani kwa sababu mafuta yanachimbwa papo hapo."
Singapore haina kisima cha mafuta hata kimoja, lakini Shell ilifungua kiwanda cha kusafisha mafuta katika kisiwa cha Bukom mwaka 1961. Kinachofuatwa pwani ni kina cha maji. Meli kubwa ya mafuta ghafi hubeba mapipa kama milioni 2, na kila pipa ni lita 159. Meli ya namna hiyo mara nyingi haifiki hata gatini: hufungwa kwenye boya mbali na ufuo, mafuta yakasukumwa kwa bomba lililolazwa chini ya bahari. Jamnagar, India, penye mitambo ya kusafisha mafuta iliyo mikubwa kuliko yote duniani, hupokea mafuta kwa njia hiyo.

"Kusafisha ni kuchuja uchafu."
Hapa neno letu lenyewe limetuponza. Chumvi na maji hutolewa mwanzoni, ndiyo, ila kazi hasa ni kutenganisha. Mafuta ghafi hupashwa moto hadi nyuzi 350 hivi za Selsiasi, kisha huingizwa kwenye mnara, mengi yakiwa tayari ni mvuke. Kadiri mvuke unavyopanda ndivyo unavyopoa: mafuta ya taa na dizeli hurudi kuwa kimiminika katikati ya mnara, gesi na petroli nyepesi hutokea juu, na mafuta mazito yanayotoa lami hubaki chini. Hata hiyo petroli nyepesi haifai gari bado. Lazima ipite mitambo mingine kwanza.

"Mafuta ghafi ni yale yale, kiwanda chochote kitayapokea."
La. Yenye salfa nyingi hula vyuma, yenye nta nyingi huganda bombani.

"Ule mwali juu ya mlingoti ni ajali."
Ni kinga. Shinikizo likizidi, gesi huelekezwa huko ikaungua badala ya kutapakaa. Inachafua hewa, hilo halina ubishi, lakini gesi iliyotapakaa kiwandani ikisubiri cheche ni hatari zaidi.

"Kikiacha kusafisha, kimekufa."
Changamwe, Mombasa, mitambo ilianza kazi mwaka 1963 ikazimwa 2013. Teknolojia yake ilikuwa ya zamani na ilitoa mafuta mazito mengi mno, hivyo kuagiza petroli iliyokwisha kusafishwa kukawa nafuu. Lakini matangi yake bado yanahifadhi mafuta, maana meli hazijaacha kuja.