Kihisi cha sukari mkononi: usingoje simu ikuruhusu kunywa sukari

Hiki kihisi ni kitu gani hasa?
Ni kidude kidogo ambacho mwenye kisukari hubandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Kina kiuzi chembamba kinachobaki chini ya ngozi na kupima sukari kila baada ya dakika chache, kisha namba inaonekana kwenye simu au kisomeo chake. Vingine hukaa siku 10, vingine 14.

Mbona namba yake hailingani na ya mashine ya kupima damu ya kidole?
Kwa sababu hakipimi damu. Kinapima majimaji yaliyo baina ya chembe za mwili, na sukari huchukua kama dakika 5 hadi 15 kutoka kwenye damu kufika huko. Ukiwa umetulia, tofauti ni ndogo. Ukiwa umetoka kula, kulima au kujichoma insulini (dawa ya kushusha sukari), sukari inakwenda mbio na kihisi kinabaki nyuma. Damu inaweza kuwa imeshafika 3.2 (namba zote hapa ni za mmol/L) na simu bado inaandika 4.8.

Natetemeka, kijasho chembamba kinanitoka, lakini simu inasema 5.1. Ningoje?
Hapana. Hili ndilo linalotuletea watu hospitalini wakiwa wamebebwa. Mgonjwa anakaa kitandani ameshika simu, moyo unamwenda mbio, anasema "bado niko sawa, tazama namba". Anayetazama naye anaridhika. Baada ya muda maneno yanaanza kumpotea.

Choma kidole papo hapo. Ikiwa chini ya 4, kunywa sukari: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 choma kidole tena. Rudia kipimo kwa kidole, maana kihisi kitaendelea kuonyesha sukari inashuka hata kama imeshaanza kupanda, na wewe utamaliza soda mbili bure. Ikishatulia, kula chakula.

Na kama mashine ya kidole haipo karibu?
Kunywa sukari. Usitume mtu duka la dawa kwanza, usimpigie shemeji aliye Dar kumuuliza. Sukari iliyopanda kidogo kwa saa mbili tutairekebisha; ubongo uliokosa sukari haungoji.

Basi alamu ya sukari kushuka ikilia usiku nami najisikia vizuri, niipuuze?
Hapana, hapo pia choma kidole. Ni kweli kwamba ukilalia mkono wenye kihisi, namba inaweza kushuka kwa uongo. Lakini mtu aliyeishi na kisukari miaka mingi, aliyeshukiwa na sukari mara kwa mara, mwili wake huacha kumpa dalili. Kati ya mwili na simu, mwamini anayeleta habari mbaya mpaka kidole kiseme. Na tafadhali, acheni kuzima alamu ati inasumbua wanaolala. Kazi yake ni kuwaamsha.

Mgonjwa ameshapoteza fahamu. Tummiminie soda?
Msimmiminie kitu chochote mdomoni, si soda, si asali, si uji. Itaingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali sasa hivi, bila kuangalia simu inasema nini.

Nimejichoma insulini ya haraka, saa moja imepita bado naona 15. Niongeze?
Usiongeze kwa hasira. Insulini hiyo hufanya kazi kwa saa tatu hadi nne, wakati mwingine zaidi. Wengi wanaoshuka usiku wa manane walijiongezea jioni, kidogo kidogo, kila walipotazama simu. Fuata maelekezo ya kuongeza dozi uliyopewa kliniki, na kama hukupewa, yaombe.

Ila sukari ikiwa juu na unatapika, tumbo linauma, unahema kwa nguvu au pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva mno, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usiache insulini eti kwa sababu hujala.

Naweza kuoga nacho?
Ndiyo. Usikisugue tu. Ukienda kupigwa MRI (picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku), sema unacho.

Sasa nina kihisi, mashine ya kidole nimpe mama?
Mtafutie mama ya kwake. Saa za mwanzo baada ya kubandika kihisi kipya huwa hakijatulia, gundi hubanduka kwa jasho, simu huisha chaji. Mashine, vijiti vya kupimia na pakiti ndogo ya sukari vikae kwenye mkoba mmoja, na mkoba huo utoke nawe hata ukienda sokoni tu.